Vitambaa Arobaini na Kimoja vya Chumba cha Amana

Kanyenye, Tabora
11 Agosti 1975

Mpendwa Shangazi Apolinaria,

Shikamoo. Naitwa Maua Nassibu, nina miaka kumi na mitano na nasoma darasa la saba. Kila Jumamosi namsomea Bibi yangu majibu yako gazetini kwa sauti, naye hucheka na kusema huyu mama angezaliwa Tabora tungemwoza kwa mkuu wa soko, lakini safari hii naomba msaada wako kwa siri, ndiyo maana nimeweka stempu ndani ya bahasha ili unijibu kwa barua na usichapishe kwanza, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu Bibi huyo huyo ninayemsomea.

Bibi yangu anaitwa Mwanamkuu, na nyumba yetu inajulikana kwa chumba cha amana. Baba mkwe wake alikuwa mnyapara wa wapagazi, na misafara ilipokuwa ikipita hapa kwenda pwani au Ujiji, wapagazi waliacha kwake vitu walivyoona vitawalemea njiani, wakirudi wakavikuta, wengine baada ya mwaka mmoja na wengine baada ya saba. Mnyapara alipokufa mkewe akaendelea, na mkewe alipozeeka akampa Bibi ufunguo. Sisi tumelelewa na neno moja: amana hailiwi, haiazimwi, haiulizwi habari zake. Mtu akileta mzigo, Bibi huingia naye chumbani peke yao, mlango unafungwa, na sisi watoto tunabaki uani, kwa hiyo sikuwahi kujua wanafanya nini humo.

Zamani chumba kilitosha. Lakini tangu watu walipoanza kuhamia vijijini vitu vimekuja kuliko vilivyotoka, kwa sababu lori likija linajaa watu kwanza, basi kinu kinaletwa kwa Bibi, na mlango wa nyumba iliyovunjwa unaletwa kwa Bibi, na mama mmoja aliyekuwa akipelekwa Ulyankulu aliacha chungu chake akasema atakirudia. Chumba kilipojaa, vitu vikatoka kwenda ukumbini, vikaingia chini ya kitanda changu, na mwisho mezani, pale ninapofanyia hesabu, pakawekwa baiskeli isiyo na magurudumu. Mwezi uliopita panya walitafuna daftari langu la sayansi kuanzia mimea hadi sumaku.

Nami nina mtihani, Shangazi. Umebaki chini ya miezi mitatu. Mwalimu wetu, Mwalimu Flavia, alituambia kwamba nafasi za sekondari kwa wasichana ni chache, na kila mwenye mtihani atafute nyumbani pembe moja yenye mwanga, meza moja, na asiwe na kitu kingine machoni isipokuwa kitabu. Wenzangu waliandika maneno hayo daftarini. Mimi niliyaandika pia, halafu nikarudi nyumbani nikatafuta pembe nikaikosa.

Nyumbani kwetu kila mtu anaingia ili atoke. Baba ni mchochea moto wa gari moshi, leo amelala Kigoma kesho Mwanza. Mama asubuhi yuko duka la ushirika, mchana anafundisha kisomo cha watu wazima, jioni ana kikao, na Jumapili ni shamba. Basi Bibi alipokwenda msibani Urambo kwa siku tano, akaacha ufunguo kwa Mama, nilimwendea Mama akiwa anavaa viatu.

"Mama, naomba nisafishe chumba cha amana."

"Safisha."

"Na nipange vitu?"

"Panga, lakini cha mtu kisitoke nje ya ua wetu."

"Utanisaidia?"

"Mwanangu, wiki ina siku saba. Mungu akiongeza ya nane, hiyo nitakupa wewe."

Nilifanya kazi siku tatu. Shuleni tumefundishwa kupanga vitu kwa aina, na mimi ni kiranja wa stoo ya majembe, kwa hiyo najua kupanga. Nilikuta kila mzigo umefungwa kamba, na juu ya kamba pamefungwa kitambaa cha kaniki kilichochanika, chenye mafundo, kichafu, kinanuka panya. Nilifungua kamba zote. Niliweka vinu pamoja na vinu, mikeka na mikeka, majembe na majembe, milango nikaiegemeza ukutani kwa urefu, vyungu nikavipanga kama wanafunzi mstarini. Vile vitambaa nilivifungua mafundo yote, nikaviloweka kwenye ndoo ya sabuni, nikavianika, nikavihesabu vikawa arobaini na kimoja, nikavikunja nikavitia kikapuni nikasema hivi vitatufaa kwa kufutia vumbi. Ukumbi ukawa mweupe. Dirisha la chumba cha amana likafunguka, na kumbe lina mwanga mzuri kuliko madirisha yote ya nyumba. Nikaweka meza yangu pale. Shangazi, nilipokaa mara ya kwanza nilijisikia kama mtu aliyevua kiatu kilichombana tangu asubuhi. Mama aliporudi alisimama mlangoni na kapu lake kichwani, akasema, "Hii ni nyumba yangu au nimepotea njia?" na akakaa chini akala chakula chake chote akiwa amekaa, jambo ambalo sijaliona tangu Idi.

Bibi aliporudi mguu ulikuwa umemvimba kwa safari. Ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, anaona kivuli tu. Alisimama mlangoni, akashika mwimo, akavuta pumzi.

"Nasikia hewa," akasema. "Hukufungua kitu, Maua?"

Sikujua kwa nini ameuliza hivyo, lakini moyo ulinishtuka nikajibu, "Nimefagia tu, Bibi, na kupanga."

"Mungu akubariki. Mguu ukipona nitaingia nipaone."

Siku mbili baadaye alikuja Minza, binti wa Mzee Masele, ambao walikuwa majirani zetu wa shamba hadi walipohamia kijiji kipya upande wa Lusu. Alileta asali mjini kuuza, akapita kumsalimu Bibi barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sauti hii naijua. Si wewe uliyekuwa ukinilia karanga mbichi shambani, halafu unasema ni kunguru?"

"Ndiye mimi, Bibi. Sasa nina watoto wanne, nao wananilia zangu."

"Dunia inalipa. Baba hajambo?"

"Hajambo. Nyumba imekwisha, bado kinu na mlango. Anasema baada ya Idi atakuja kuvichukua mwenyewe. Na anasema nikuambie, ile nusu yake ya kitambaa anayo, ameifunga kwenye mpini wa kisu."

"Aje nayo. Nusu yangu imekaa juu ya mzigo wake kama alivyoiacha, mafundo matatu na kipindo kimoja. Nikiipapasa naijua kama namjua yeye."

Wakati huo mimi nilikuwa nimekaa pembeni nasafisha kioo cha taa, na kitambaa nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa cha kaniki.

Ndipo nilipoelewa. Kumbe wakijifungia mle ndani, Bibi huchana kaniki vipande viwili, kimoja anakifunga juu ya mzigo kwa mafundo anayoyajua yeye, kingine anapewa mwenye mali aende nacho, na siku ya kurudi pande mbili zilizochanika zinakutanishwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu yake yote, maana hajui kusoma. Na mimi nimeifua kwa sabuni. Na si vitambaa tu, nimetenganisha kila kinu na mchi wake na kila mkeka na mwenzake, sijui tena kipi ni cha nani.

Sijamwambia mtu. Nilichofanya ni kibaya zaidi: nimechana kaniki nyingine ya zamani vipande arobaini na kimoja, na jana Bibi alipokuwa amelala mchana nimeshafunga sita juu ya vitu nilivyobahatisha. Bibi haoni, na mimi nilijiambia kwamba akipapasa fundo na kulikuta pale, moyo wake utatulia, na huenda watu wakija watachukua tu vinavyofanana na vyao. Nilipofika cha saba mikono ilikataa.

Kinachoniaibisha kuliko vyote ni kwamba bado nafurahi. Naingia chumbani mle, naona mwanga juu ya daftari, nafurahi kabisa, halafu nakumbuka. Je, niendelee kufunga vitambaa ili Bibi asivunjike moyo, au nirudishe vitu vyote ovyo kama vilivyokuwa, au nifanye nini? Mtu wa kwanza atakuja baada ya Idi. Watu husema nyumba yetu haijawahi kupoteza amana ya mtu hata moja. Sitaki niwe mimi.

Wako mtiifu,
Maua Nassibu

---

Maua mwanangu,

Marahaba. Stempu yako nimeitumia, na mwambie bibi yako kwamba huyo mkuu wa soko nitamfikiria.

Sasa kaa vizuri, maana nitakugombeza kwanza, halafu nitakutua mzigo.

Hivyo vitambaa sita ulivyofunga kavifungue leo. Usimalize kusoma barua hii kabla hujavifungua, nitakusubiri.

Umerudi? Haya. Kufua vitambaa lilikuwa kosa la mtu asiyejua. Hilo halina dhambi, lina hasara tu. Lakini kufunga vipya ni kosa la mtu anayejua, tena kumfanyia mtu asiyeona. Bibi yako amepoteza macho, akabakiwa na vidole, na wewe ulitaka kuvidanganya vidole vyake. Unasema ulitaka moyo wake utulie. Ungetulia kwa muda gani? Mzee Masele angefika na nusu yake, pande mbili zingekataa kukutana, na yule mama angesimama mbele ya mgeni wake hajui kama amezeeka akili au ameibiwa. Aibu ambayo ingekuwa yako ya siku moja ungemvika yeye ya maisha.

Na lile jibu lako la mlangoni, "nimefagia tu," nalo nimeliona. Ni jibu la mtoto mwenye akili. Usilizoee.

Basi hayo yamekwisha. Sasa nisikilize.

Umeniuliza kama ni vibaya kufurahia chumba chenye mwanga. Si vibaya. Nyumba iliyojaa vitu vya watu hata mwenye nyumba anakula amesimama, hiyo imeelemewa kama mpagazi. Mama yako aliyekaa chini akala chakula chake chote amekwambia kila kitu, ila hakujua kwamba anakwambia. Naye nina neno naye: unapompa mtoto ruhusa huku unavaa viatu, umempa nusu ya ruhusa. Siku ya nane haiji, mama Maua. Ikate kutoka kwenye hizo saba. Kikao kimoja kitaendelea bila wewe.

Furaha yako ni ya haki, lakini umeipata kwa njia ya mkato. Ulifundishwa kupanga, ukapanga vizuri sana, ila hukumwuliza yeyote kwa nini vitu vilikuwa vimekaa vile. Stoo ya majembe ya shule ina mwenyewe mmoja, kwa hiyo jembe na jembe ni ndugu. Chumba cha bibi yako kilikuwa kimepangwa tayari, kimepangwa kwa watu. Ukienda kusafisha popote maishani, hata ukiwa mkuu wa ofisi, anza kwa kuuliza kitu hiki kinamngoja nani.

Sasa kazi. Leo hii, bibi yako akiwa ameshakula, chukua kile kikapu cha vitambaa ukiweke mapajani mwake. Usianze kwa kulia. Ukilia utamlazimisha akubembeleze kabla hajajua kosa ni lipi. Sema: Bibi, nilifungua vyote, na nilipokujibu mlangoni sikusema kweli. Halafu nyamaza, acha aseme atakalosema, hata likiwa zito. Ni haki yake.

Akishasema, mwombe akutajie wenye mali. Mtu aliyebeba majina ya watu arobaini na mmoja kwa vidole hawezi kuwa hana hata mmoja kichwani. Wewe andika. Kila unayempata mwandikie barua, uipeleke kwa katibu wa kijiji chake, useme amana yako ipo salama, chumba kimefunguliwa, njoo uichukue kabla ya mvua. Usiwaandikie habari za vitambaa. Hilo utawaambia kwa mdomo wako wakifika, mmoja mmoja, wewe mwenyewe na si bibi yako.

Mtu akifika asionyeshwe vitu. Akae barazani kwanza, ataje alichoacha: kinu kina ufa upande gani, mlango una bawaba ya chuma au ya ngozi. Mwanamke anajua kinu chake kama anavyomjua mtoto wake, hahitaji kitambaa. Akitaja sawasawa, apewe, na ashukuriwe.

Vitakavyobaki bila mwenyewe, hasa vya zamani, hapo mimi si wa kusema. Mimi ni Mkatoliki na nyinyi mna utaratibu wenu. Bibi yako amwulize shehe wa mtaa. Ila msikubali hofu iwe ndiyo shehe. Kumtunzia mtu mali ni wema. Kumtunzia mtu aliyekufa zamani, huku mjukuu hana pa kuweka daftari, hapo pa kuuliza.

Na meza yako isitoke dirishani. Vitu viondoke, meza ibaki. Ukimweleza bibi yako kweli yote, mweleze na hiyo.

Usiogope kuwa mtu wa kwanza wa nyumba yenu kupoteza amana. Hujapoteza hata kijiko, vyote viko ndani ya kuta nne. Kilichopotea ni ukweli wa siku chache, na huo dawa yake unayo mdomoni.

Nenda sasa, kabla hajalala.

Shangazi Apolinaria

---

Kanyenye, Tabora
26 Oktoba 1975

Mpendwa Shangazi Apolinaria,

Shikamoo. Mtihani ni wiki ijayo na Mama amesema nisiandike barua ndefu, lakini nimemwambia bila barua hii sitaweza kusoma vizuri, akaniruhusu, tena alikuwa amekaa.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwekea Bibi kikapu mapajani, nikasema yale maneno, nikanyamaza. Alishika kitambaa kimoja kimoja. Ilichukua muda mrefu hata nikasikia muadhini wa alasiri. Halafu akasema, "Umevifua vizuri. Mimi nisingeweza kuvitoa uchafu huu." Nikangoja. Akasema tena, "Lakini ulinijibu mlangoni kama mtu mzima anayemjibu mtoto. Usinifanyie hivyo tena. Macho yakinitoka, masikio yabaki na kazi." Nikasema sitafanya, ndipo nikalia, naye akaniacha nilie bila kunibembeleza, ulivyotaka.

Kisha akaniambia nilete kalamu. Alitaja watu thelathini na saba, Shangazi, na baba zao, na mwaka wa mvua au wa njaa waliokuja, na alikuwa akikunja vidole huku anataja. Vitambaa vinne vikabaki bila jina. Niliandika barua usiku na mchana kwa muda wa wiki moja, Mama akanisaidia kuandika zile za upande wa Nzega, akakosa kikao, na kikao kikaendelea bila yeye. Amesema nikuambie.

Waliokuja mpaka sasa ni ishirini na tisa. Mzee Masele alikuja siku ya nne baada ya Idi, kitambaa kikining'inia kwenye mpini wa kisu kama ulimi. Nilimwamkia, nikamweleza kosa langu nikiwa nimesimama. Alinitazama, akamtazama Bibi.

"Kwa hiyo hakuna cha kukutanisha?"

"Hakuna, Mzee."

"Mimi nimekuja kuchukua kinu. Sikuja kuchukua kitambaa." Akakifungua kile kitambaa, akanipa. "Shika, viwe arobaini na viwili. Kinu changu kimekatika sikio, na mlango wangu una tundu la risasi, mjomba wangu alimkosa fisi." Vyote vilikuwepo.

Si wote walikuwa kama yeye. Mama Imakulata alidai aliacha mikeka miwili, tukaupata mmoja, akasema nyumba ya amana imekuwa nyumba ya shule, akaenda zake amekasirika. Ilinichoma. Baada ya siku tatu alirudi na uwele kibaba kimoja akasema mkeka wa pili ulikuwa kwa dada yake, na kwamba yeye hapendi kuomba radhi kwa hiyo tupokee tu uwele. Yule mama wa Ulyankulu hakuweza kuja, lakini alimtuma mumewe, naye alikishika chungu kwa mikono miwili hata kukifunga kwenye baiskeli hakutaka, akaondoka anaisukuma kwa kifua.

Vilivyosalia Bibi alimwuliza Shehe Shomari. Amesema vyenye majina vingojwe, na vile vya wasiojulikana vitangazwe msikitini Ijumaa nne, kisha vitolewe sadaka kwa niaba ya wenyewe. Ijumaa mbili zimepita.

Sasa nikueleze jambo la mwisho. Juzi nilikuwa nikimtajia Bibi vile visivyo na majina, kimoja kimoja, apapase. Nilipomletea kigoda cha miguu mitatu, cha zamani, kilichokuwa chini kabisa ya vyote, alikipindua akapitisha kidole chini yake, akacheka peke yake.

"Hiki hakitangazwi," akasema. "Hiki changu."

Kumbe alikuja nacho siku aliyoolewa kutoka Urambo, baba yake alimchongea. Chumba cha amana kilikuwa kimejaa, na mama mkwe wake akamwambia kiweke humo kwanza, tutakutafutia nafasi. Akamfungia kitambaa, nusu akampa. Watu wakazidi kuleta mizigo juu yake.

"Ulijua kwamba kiko humo siku zote?" nikamwuliza.

"Nilijua. Ningekifikiaje? Vya watu vilikuwa juu." Akakifuta kwa upindo wa kanga. "Uliponiambia umefungua vyote, nilikasirika. Lakini nikuambie kweli na mimi: nililala siku ile usingizi ambao sijaulala tangu nipewe ufunguo."

Nusu yake bado anayo, imo ndani ya kopo la wanja. Tuliitafutia mwenzake katika kikapu, tukalinganisha vitambaa kimoja kimoja mpaka pande mbili zikakutana, uzi kwa uzi, licha ya sabuni yote niliyotia.

Barua zetu sasa unaweza kuzichapisha zote, na jina langu usilifiche. Bibi ameniagiza nimsomee Jumamosi zikitoka. Meza iko dirishani, na Bibi hukaa mlangoni anakoka moto wa chai huku akinisikiliza nikikariri, nikikosea anagonga kikombe, ingawa hajui nimekosea nini, anasema anasikia tu sauti ikiyumba. Kile kigoda hakukikalia. Alikisukuma mezani kwangu kwa mguu wake uliopona, akasema, "Kaa, usome."

Ndicho nilichokikalia sasa.

Wako mtiifu,
Maua Nassibu